Kelele za Mkopeshaji na Unga wa Kesho

Pale Ubena Zomozi, kando ya barabara ya Morogoro, mama lishe mmoja aliniita nimsaidie hesabu. Alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, akafungua fundo la kanga, akatoa kadi tatu za marejesho zilizolegea kwa jasho na mvuke wa sufuria. Hatujaandika hata namba moja, simu ikaita. Akaiacha. Ilipoita tena akainuka, akachomoa noti ya elfu tano kwenye kopo la mauzo na kumpa kijana wa bodaboda apeleke. "Huyu akipiga lazima nimlipe, mwanangu," aliniambia. "Ana mdomo." Noti ile ilikuwa ya unga wa kesho.

Kazi yangu ni kufundisha vikundi kutunza hesabu, na jambo hilo nimeliona kwenye nyumba nyingi, kuanzia wavuvi wa Bagamoyo mjini hadi wakulima wa mananasi wa Kiwangwa. Nyumba inayoelekea kufilisika mara nyingi haiangushwi na ukubwa wa deni peke yake. Inaangushwa na foleni ya malipo iliyopangwa kwa woga. Mwenye mdomo mkali hulipwa kwanza, halafu tumbo na mtaji hupewa kilichobaki.

Turudi kwenye kadi tatu za yule mama. Akishatoa gharama za unga, maharage, mboga na mkaa, faida yake ni kama shilingi 12,000 kwa siku. Kadi ya kwanza inadai 4,500 kila siku, ya pili 5,000 kila siku. Ya tatu ni ya kikoba, 15,000 kila wiki, yaani karibu 2,150 kwa siku. Jumlisha. Kwenye faida ya siku nzima zinabaki shilingi 350, na nyumbani kuna watu watano. Bila shaka wanakula, lakini wanakula mtaji. Kila siku sufuria ya biashara inapungua kidogo, wateja wanapungua nayo, kisha anatafuta mkopo wa nne wa kujaza pengo. Wenyewe tunaita kuzungusha. Ukishaanza kukopa huku ulipe kule, hesabu imekwisha kukushinda, na hapo ndipo pa kusimama.

Mkopo wake wa kwanza ni wa aina ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Aliandikiwa laki moja, akakatwa elfu kumi ya fomu, akaondoka na 90,000. Analipa 4,500 kwa siku 30, jumla 135,000. Yeye alidhani riba ni asilimia 35. Lakini fedha aliyoishika mkononi ni 90,000, kwa hiyo amelipia 45,000 juu yake, nusu nzima. Tena hakukaa na ile 90,000 mwezi mzima, maana alianza kuirudisha kesho yake. Ukipima kwa fedha aliyokuwa nayo kweli, gharama inakaribia asilimia 100 kwa mwezi. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Pengo hilo ndilo linalomaliza nyumba za watu. Ndiyo maana kabla ya kusaini popote ninawaomba watu waulize leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe nayo. Mikopo ya kwenye simu nayo ni vilevile: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini.

Sasa bajeti. Tulichukua daftari la shule la mwanawe, tukaanza na ukurasa mtupu. Sikumwuliza anadaiwa ngapi. Nilimwuliza nyumba inakula nini ili watoto walale wameshiba na waende shule. Tulipata 5,500 kwa siku, yaani chakula, maji, mkaa, sabuni, na akiba ndogo ya dawa. Fedha hiyo tuliiandika juu kabisa, na haiguswi. Mtaji wa kesho, yaani unga, maharage na mkaa wa biashara, tuliuweka kwenye kopo lake peke yake, mbali na kopo la mauzo. Wengi huona tendo hili dogo mno. Mimi naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu kopo moja halijui kutofautisha faida na mtaji, na mkono wenye hofu haujui pia.

Baada ya hapo zikabaki 6,500. Katika wanaodai, kikoba nilikiweka mbele, ingawa ndicho kilichokuwa kimya. Fedha ya kikoba ni ya majirani. Ukifiwa au mtoto akilazwa, mfuko wa jamii wa kikundi ndio utakaokufikia kwanza. Ukikiua kikoba umejifungia mlango wa mwisho wenye huruma. (Kama ungekuwa na mkopo uliowekewa nyumba au shamba dhamana, huo ndio ungetangulia hata kikoba.) Ukitoa 2,150 ya kikoba zinabaki 4,350. Wale wawili kila mmoja atapata 2,000 kwa siku, na 350 inaingia kibubu.

Hawatafurahi. Ndiyo maana lazima uwaendee kabla hawajakufuata. Sisi watu wa pwani tumelelewa na maelekezo mawili yanayokaa karibu katika Surat al-Baqara: aya ya 280 inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na aya ya 282 inataka deni liandikwe. Watu wanakumbuka la muda wakasahau la kuandika. Andika barua ya ukurasa mmoja. Taja deni lililobaki, kipato chako cha siku, unachoweza kulipa, na tarehe ya kuanza. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri au isainiwe. Mkopeshaji mwenye akili anajua kuwa 2,000 inayoingia kila siku ina thamani kuliko 4,500 inayokatika wiki ijayo.

Atakayekataa atatisha, na hapa sheria ijulikane. Deni la kawaida ni madai, si jinai, na polisi si wakusanya marejesho. Kifungo cha madai kipo, lakini huamriwa na mahakama baada ya kesi na hukumu, na mdai mwenyewe ndiye anayegharamia chakula cha mfungwa. Kuja kubeba godoro na sufuria bila amri ya mahakama ni ubabe. Hata mahakama ikiamuru mali ikamatwe, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaziacha nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, pamoja na zana za fundi za kazi yake. Vitu ulivyoviandika wewe mwenyewe kuwa dhamana ni habari nyingine, kwa hiyo usisaini fomu yenye mistari mitupu. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na hilo limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kadi ya benki na namba ya siri usimkabidhi mtu yeyote.

Kufilisika kwenyewe kisheria ni jambo la Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na RITA tunayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa ina neno ufilisi ndani ya jina lake. Njia hiyo ina gharama na masharti, na kwa madeni ya laki mbili tatu sijaona ikimfaa mtu. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilirejeshwa mwaka 2024. Iombeni kwa ajili ya kukuza kazi, madeni ya kausha damu yakishaisha. Ukiichukua kulipia deni, umezungusha tena.

Yule mama alizipeleka barua zake Jumatatu. Mkopeshaji mmoja alisaini papo hapo. Yule mwenye mdomo aliirusha mezani, akapiga simu siku tatu mfululizo, siku ya nne akatuma kijana kuchukua 2,000. Kwenye kadi yake, ile ya 4,500, zilikuwa zimebaki siku 18. Sasa zimekuwa 41. Nilipopita tena kopo la mtaji lilikuwa juu ya rafu, limefungwa kwa kitambaa, na simu iliita tukiwa tunakula. Aliitazama, akaniongezea maharage.