Jina Litakalotokea

 Wanafunzi wapenzi wa Kitangari, kaeni vizuri mnisikilize. Leo tutasoma maneno machache yaletwayo na simu. Mwalimu wa darasa, tafadhali yaandike ubaoni: "Ile hela tuma kwa namba hii. Jina litatokea..." kisha hutajwa jina la mtu.

Haya, someni pamoja.

Je, ni nani aliyeandika? Hakujitaja. Ni hela gani? Hakusema. Hapo ndipo penye hila. Mlaghai huyu hakujui. Huwapelekea watu wengi maneno yale yale, akitumaini kwamba mmoja wao saa ile ile anataka kumtumia mtu fedha. Tuseme umepata malipo ya korosho zako, na mwanao aliyeko shuleni Masasi anangoja ada. Simu inalia. Unasoma, unasema, "Ah, ni mwanangu." Mlaghai ameandika nusu, nusu ya pili umeiandika wewe.

"Lakini mwalimu," mtaniambia, "kabla ya kutuma, simu hutuonyesha jina la mwenye namba." Kweli. Jina lile limewekwa liwe mlinzi wa mlango. Sasa tazameni tena ubaoni. Mlaghai amekwisha kukutajia jina kabla hujaliona! Likitokea hushtuki. Unasema, "Naam, ndilo lile," unaweka namba ya siri, na fedha imekwenda. Mimi nina stashahada ya Chuo Kikuu, na siku moja nilifika hapo hapo. Kilichoniokoa si elimu. Salio lilikuwa halitoshi.

Serikali haikulala. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa nchi nzima kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 20, 2020 zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Tena, ukipata maneno kama yale ya ubaoni, yapeleke kwenye namba 15040. Utajibiwa uandike namba iliyokuletea, ipate kuchunguzwa na kufungiwa. Lakini fikirini kidogo. Laini ya mlaghai ikifungwa atataka nyingine, na laini haisajiliwi bila kidole. Atakipata wapi?

Atatafuta chako. Msajili asiye mwaminifu husema, "Mama, alama haikushika, weka tena kidole." Kumbe ilishika mara ya kwanza, ikawa laini yako. Mara ya pili umemsajilia mtu usiyemjua, kwa jina lako. Siku mkulima mwingine atakapotapeliwa huko mbali, jina litakalotokea kwenye simu yake ni lako wewe, na polisi wataanza kuuliza kwako.

Basi zoezi la leo ni hili. Kila mwenye simu abonyeze *106#, afuate maelezo, asome namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya laini hiyo ukaikane, ifutwe. Asiyesoma upesi asaidiwe na mwenzake wa darasani, si na mtu wa njiani.

Na ile ada ya mtoto? Mpigie kwa namba yake ya siku zote, usikie sauti yake, ndipo utume.

Wiki ijayo tutasoma stakabadhi ya korosho, mstari kwa mstari. Aliye nayo nyumbani aje nayo. Kwaherini.