Babu, wake wawili na meza ya Bwana

Babu yangu ana benchi lake kanisani, la nyuma kabisa, karibu na mlango. Ni kanisa la bati upande wa Ilongero, kaskazini ya Singida mjini. Amelikalia benchi hilo tangu mama yangu akiwa mtoto. Anaimba, anajua liturujia kuliko baadhi ya wazee wa kanisa, na sadaka ya mavuno anapeleka debe la mtama bila kukumbushwa. Lakini ikifika meza ya Bwana wenzake wanasogea mbele, yeye anabaki pale pale na kofia yake mapajani. Hajabatizwa. Ana wake wawili.

Niseme mapema ili usije ukadhani naandika kama mtu baki: mimi ni mjukuu wa bibi mdogo.

Mwaka jana bibi mkubwa alifariki. Tulipokwisha kuanua matanga mwinjilisti alikuja nyumbani, mtu mpole na mwenye heshima, akamwambia babu kwamba sasa hakuna kizuizi tena, anaweza kuanza darasa la ubatizo. Babu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mlikuwa mnamsubiri afe?" Mimi nilikuwa nagawa chai. Hakuna aliyejibu.

Nimerudi chuoni na swali hilo. Nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni historia, kwa hiyo nikafanya ninachojua kufanya: nikaenda maktaba. Kwenye vimbweta vyetu hapa tukibishana mambo ya dini, mara nyingi tunaongea kana kwamba maadili ya Kikristo ni kama jedwali la kuzidisha, limeandikwa mara moja na kazi yetu ni kukariri. Kwa habari ya mitala si hivyo hata kidogo. Watu wamebishana, wamepiga kura, wamebadili mawazo, na wengine wameaibika.

Tuanzie Afrika, maana hata mjadala wenyewe una mizizi huku. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliishi mwaka 354 hadi 430. Alijibu watu waliowacheka mababu wa Agano la Kale kwa kuoa wake wengi. Jibu lake linashangaza: kwa Yakobo halikuwa kosa, kwa sababu desturi ya wakati ule iliruhusu na nia ilikuwa kupata watoto. Kosa ni kufanya hivyo wakati ambapo desturi na sheria zinakataza, kama zilivyokataza katika dola ya Kirumi aliyoishi yeye. Yaani Agostino mwenyewe alikubali kwamba desturi ya mahali ina uzito katika kupima jambo hili. Hoja hiyo ikakaa kimya kwa karne nyingi.

Luther naye alijikuta humo, na kwa njia isiyompendeza mtu. Mwezi wa Desemba 1539 yeye na Melanchthon walimpa Philip, mtawala wa Hesse, ushauri wa siri kwamba anaweza kuoa mke wa pili huku wa kwanza yupo. Philip akaoa mwaka 1540, siri ikavuja, ikawa fedheha kubwa. Sisemi Luther alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba mtawala wa Ulaya alipata mlango wa nyuma ambao mkulima wa mtama hakuwahi kuonyeshwa.

Kwa upande wa Katoliki, Papa Paulo III mwaka 1537 aliamua juu ya watu wa Amerika waliobatizwa wakiwa na wake kadhaa: mwanamume abaki na wa kwanza, na kama hakumbuki wa kwanza ni yupi, achague mmoja. Soma tena sentensi hiyo ukijiweka mahali pa wale wasiochaguliwa.

Aliyewaona wale wasiochaguliwa alikuwa Mwingereza, John William Colenso, aliyewekwa askofu wa Natal mwaka 1853. Aliishi na Wazulu akaona mambo kwa macho. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibu: mtu huyu alioa kwa haki, kwa sheria ya watu wake, mbele ya mashahidi. Ukimlazimisha awafukuze wake zake unamwamuru avunje ahadi, na talaka ndiyo kitu ambacho Yesu alikikemea waziwazi. Wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, waliamua kwa kura 83 dhidi ya 21 kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, ila afundishwe na kungoja. Wake zake waliweza kubatizwa kwa hali fulani, na hilo lilipita kwa shida zaidi, kura 54 kwa 34.

Kanisa la babu si la Kianglikana, ila kungoja ni kule kule.

Hapa inabidi nieleze maana ya "kumwacha mke mmoja" kwetu Unyaturu, kwa sababu kwenye vitabu inasomeka kama kufuta jina kwenye orodha. Kwa desturi, kila mke ana nyumba yake, shamba lake, na ng'ombe wanaohesabiwa kuwa wa nyumba yake, ambao watoto wake wa kiume ndio watakaowarithi. Kumwacha bibi mdogo kungekuwa kumtoa kwenye shamba alilolilima mwenyewe, na kuwaacha mama na wajomba zangu wakibaki bila nyumba ya kusimamia. Babu aliambiwa afanye hivyo, zamani, na mtumishi mwingine. Alikataa. Anasema aliona ni dhambi. Unaona tatizo lilipo? Kila upande ulikuwa unalinda maadili.

Mawazo yalianza kusogea kwa msaada wa watu wa huku huku. Eugene Hillman, padre Mmarekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi kati ya Wamaasai wa Tanzania, alichapisha kitabu mwaka 1975 akitaka kanisa lichunguze upya msimamo wake, maana lilichanganya Injili na desturi za ndoa za Ulaya. Kwa Waanglikana, David Gitari, askofu wa Kenya, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hili, na mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya ile kura, Lambeth iligeuka. Ndoa ya mke mmoja ilibaki kuwa mpango wa Mungu, lakini mwenye wake wengi akiamini aweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake walioamini, mradi aahidi kutooa tena na jumuiya ya waumini wa mahali pake ikubali. Na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata huyo mwanamke. Katoliki haikufika huko, lakini kanuni namba 1148 ya sheria yake ya mwaka 1983 inamtaka askofu ahakikishe wake wanaoachwa wanapata mahitaji yao kwa haki na upendo.

Mimi nadhani hapo ndipo swali lenyewe lilipobadilika. Zamani liliulizwa: mwanamume huyu anastahili? Baadaye likaulizwa: nani ataumia?

Msinielewe vibaya, siwapigii debe mitala. Wanateolojia wanawake wa Afrika, kama Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, wameikosoa vikali, na bibi zangu wote wawili wangewaunga mkono kwa mambo mengi. Niliwahi kumuuliza bibi mdogo kama angemruhusu mama aolewe mke wa pili. Aliniangalia kama nimetukana. Lakini kukataa mtindo wa ndoa ni jambo moja, na kumwambia mwanamke aliyekwisha kuolewa kwamba wokovu wa mumewe unahitaji yeye aondoke ni jambo jingine. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya nchi yetu iliona hivyo: inatambua ndoa za wake wengi, na haimpi mke mmoja hadhi ya kisheria juu ya mwenzake.

Likizo iliyopita nilimsimulia babu haya yote, jioni, tukipukuchua alizeti. Luther alimchekesha. Kwa Colenso aliniuliza kama alikuwa na ng'ombe, nikasema sijui. Ile kanuni ya 1148 alitaka niirudie mara mbili. Mwinjilisti amesema atapita tena baada ya mavuno kuchukua jibu. Bibi mdogo amekwisha kumwambia babu kwamba yeye hamzuii. Babu anasema bado anafikiri, na kwamba kabla hajajibu anataka kwanza kanisa liweke msalaba kwenye kaburi la bibi mkubwa.