Hip Hop Iliyouzwa Ikiwa Maua

Lipo neno moja ambalo siku hizi limegeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wanamuziki wetu. Neno lenyewe ni “kajiuza”. Kijana akiwa anafoka mistari yake mtaani, amevaa viatu vilivyochanika, husifiwa kwamba huyo ndiye hip hop halisi. Akinunua gari na kuhamia nyumba yenye geti, basi wale wale waliomshangilia husema amekwisha. Wiki hii napenda tulitazame jambo hili kwa utulivu: je, ni kweli mafanikio ya biashara yameuharibu uhalisi wa muziki wa hip hop?

Nianze kwa kusema kwamba wanaodhani muziki huu ulizaliwa mtakatifu, mbali na fedha, hawakuisoma historia yake. Sherehe inayotajwa kuwa ndiyo chanzo cha hip hop ilifanyika tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo moja la Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, mjini New York. Mpiga santuri alikuwa kijana mwenye asili ya Jamaika, Clive Campbell, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la DJ Kool Herc. Aliyeandaa sherehe ni dada yake, Cindy. Na kwa nini aliiandaa? Alitaka fedha za kununua nguo mpya za kwenda nazo shule! Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50. Kwa hiyo kiingilio kilikuwapo mlangoni usiku ule ule wa kwanza, na hakuna hata mmoja aliyesema Herc amejiuza.

Miaka sita baadaye, mwaka 1979, kundi la Sugarhill Gang lilitoa santuri iliyovuma Marekani nzima. Mmoja wa waimbaji wake alitumia mashairi ya mtu mwingine, Grandmaster Caz, ambaye hakutajwa kwenye santuri wala hakulipwa. Naomba jambo hili ulishike, maana tutalirudia kwa sura nyingine tutakapofika kwetu. Aliyeumizwa pale hakuumizwa na wasikilizaji walionunua santuri. Aliumizwa kwa sababu kazi yake iliuzwa yeye mwenyewe akiwa hayupo kwenye hesabu.

Sasa tuje nyumbani. Muziki wa kufokafoka, kama tulivyouita wakati ule, uliingia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliouanza wengi hawakuwa watoto wa kabwela. Walikuwa vijana ambao nyumbani kwao kulikuwa na video, au wana ndugu ng’ambo wa kuwatumia kaseti. Walifoka kwa Kiingereza, wakaiga hata mwendo wa Wamarekani. Mwaka 1991 kijana Saleh Jabir alishinda mashindano ya Yo! Rap Bonanza kwa kuuwekea maneno ya Kiswahili wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice. Huyo Vanilla Ice mwenyewe, nchini mwake, alikuwa akishutumiwa kwamba si halisi, kwamba maisha aliyotangaza kuwa ameyaishi hakuyaishi. Basi tazama maajabu ya dunia: wimbo ulioitwa wa bandia kule, huku kwetu ndio ulioonyesha njia ya kufoka kwa lugha ya mama zetu.

Baada ya hapo kukaja Kwanza Unit mwaka 1993, na mwaka huo huo sheria ikaruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Redio ya taifa ilikuwa na bendi zake za dansi na haikuwa na haraka ya kuwapokea vijana wa kofia zilizogeuzwa nyuma. Redio mpya ziliwapokea. Kisha akatokea kijana aliyetokea Mbeya, Joseph Mbilinyi, wakati huo akijiita 2 Proud, baadaye Mr. II, na wengi wakimwita Sugu. Kaseti yake ya “Ni Mimi” ya mwaka 1995 ilikuwa ya Kiswahili, ikasema habari za kijana asiye na kazi katika nchi iliyokuwa inabadilika haraka kuliko mfuko wake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wanaolaumu biashara. Kilichowafanya vijana wetu waache Kiingereza cha kuazima na kusema mambo ya Manzese na Tandika ni soko. Mama muuza vitumbua na utingo wa daladala hawakuwa na sababu ya kununua kaseti wasiyoielewa. Walipoanza kununua, msanii akalazimika kusema nao. Mwaka 2001 Professor Jay, yaani Joseph Haule, alitoa wimbo wa “Ndio Mzee”, akimwigiza mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku wananchi wakimwitikia. Wagosi wa Kaya kutoka Tanga waliwaimba wauguzi wenye lugha chafu kwa wagonjwa. Nyimbo hizo hazikuvuma kwa sababu zilipunguza ukweli. Zilivuma kwa sababu kila aliyewahi kusukumwa kwenye foleni ya hospitali alijiona ndani yake. Uhalisi na mauzo vilikwenda bega kwa bega.

Kama ni hivyo, kitu gani kiliharibika? Jibu nililipata mbali sana na Kariakoo. Nilikuwa Kanazi, wilayani Ngara, huko Kagera, mahali ambapo Burundi iko jirani tu na Rwanda haiko mbali. Vijana wa bodaboda walikuwa kivulini wakibishana, mmoja akishikilia kwamba hip hop ya Bongo imekufa. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri usafiri akawauliza, “Sasa wanangu, huyo mwimbaji wenu, wimbo anauuza lini? Ukishaiva au bado uko mtini?” Vijana wakacheka. “Shikamoo mzee,” akasema mmoja, “wimbo si kahawa.” Mzee akajibu, “Marahaba. Ila mnunuzi ni yule yule.”

Kwa msomaji wa mjini hapana budi nieleze. Mkoani Kagera kuna biashara inaitwa butura. Mkulima ana mgonjwa nyumbani, au mtoto anadai sare za shule, na kahawa yake bado ni maua. Mnunuzi humpa fedha kidogo leo, na siku ya mavuno kahawa yote huwa yake. Bei ameipanga mwenye fedha, siku ambayo mwenye shamba hana nguvu ya kubisha. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, nayo haifi, kwa sababu shida ya mkulima haingoji msimu.

Muziki wetu wa kizazi kipya ulikwenda butura tangu enzi ya kaseti. Kijana alijikusanyia fedha za studio kwa mjomba na kwa marafiki, akatoka na kanda yake, akaenda Kariakoo kwa msambazaji. Wengine walipewa fungu moja la fedha na kuaga haki zote. Wengine waliahidiwa kiasi fulani kwa kila kaseti, lakini kaseti alizihesabu msambazaji mwenyewe, msanii akaletewa jibu. Juu ya hayo kulikuwa na wezi waliorudufu kaseti vichochoroni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja, na chini yake ikaundwa COSOTA, lakini wapo wasanii waliokwisha kuwa maarufu nchi nzima huku wakipanda daladala na mashabiki wao. Hao ndio tuliowasifu kwamba ni halisi! Ufukara waliotwishwa sisi tukauita msimamo.

Hata hivyo kaseti ilikuwa na jambo moja jema. Fedha yake, hata ikiibwa njiani, ilitoka kwa watu wengi. Msanii alikuwa na mabwana elfu nyingi, kila mmoja na shilingi zake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia peke yake, “Mstari huu ufute.” Kaseti ilipokufa, na baada yake diski, na nyimbo zikaanza kupatikana bure kwenye simu, mnunuzi huyo wa mitaani akaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na wachache: kampuni inayodhamini tamasha, kampuni ya simu inayouza miito, promota, na kila baada ya miaka mitano chama chenye kampeni. Katika uchaguzi wa mwaka 2015, na tena 2020, majukwaa ya siasa yalijaa wasanii kuliko wagombea. Simlaumu mtu kwa kwenda kutafuta riziki. Lakini aliyelipwa na mgombea jioni hawezi kumwimba mgombea huyo asubuhi kama alivyoimbwa katika “Ndio Mzee”.

Jambo hili si geni kwa watu wa Kagera. Zamani za watawala wa Kihaya, mpiga enanga aliyekaa karibu na Mukama alilishwa na kutunzwa vizuri, na nyimbo zake zilijua mipaka. Yule aliyepiga kwenye vilabu vya pombe, akilipwa kwa vibuyu na wanywaji wengi, alikuwa na ulimi mrefu zaidi. Wote wawili walilipwa, na wote wawili walikuwa mafundi. Tofauti ilikuwa idadi ya waliolipa.

Kuna na hofu, ambayo wabishani wa vijiweni huisahau wanapowaita wasanii waoga. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wa “Wapo”, nao wimbo ukafungiwa. Kesho yake Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, tena akapendekeza mambo ya kuongezwa humo. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza, kama mistari inaongezwa na Ikulu, wimbo huo ni wa nani sasa? Siku chache baadaye, mwezi wa Aprili, mwimbaji Roma alichukuliwa na watu wasiojulikana pamoja na wenzake katika studio jijini Dar es Salaam, akapatikana baada ya siku kadhaa akiwa na majeraha. Na Sugu, ambaye tangu mwaka 2010 alikuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano Februari 2018 kwa maneno yaliyosemwa kumkashifu Rais, akatoka Mei mwaka huo. Yeye hakuimba, alihutubia tu. Lakini kijana yeyote mwenye kalamu na daftari la mistari alielewa. Ukichanganya mnunuzi mmoja na hofu, nyimbo za mapenzi huongezeka zenyewe bila kuhubiriwa.

Wapo wanaotafuta uhalisi mahali pengine, katika mavazi. Kundi la X Plastaz la Arusha lilikuwa na mwimbaji wa Kimaasai aliyeimba kwa lugha yake akiwa amevaa rubega, na mwaka 2004 kampuni moja ya Ujerumani ikatoa albamu yao kwa jina la “Maasai Hip Hop”. Kazi ilikuwa nzuri na vijana walistahili. Lakini Ulaya walinunua nini hasa? Huenda kwao uhalisi ndio ulikuwa bidhaa yenyewe. Mimi nampa heshima zaidi Saida Karoli, binti wa Kagera, ingawa yeye si wa hip hop. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliimba Kihaya bila kukitafsiri, na watu wa Mtwara wasioelewa hata neno moja wakamnunua. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo wake kwa mdundo mpya. Soko halikumdai aache alivyo.

Na wapo ambao hawakwenda butura, au walikwenda wakajikomboa. Fid Q wa Mwanza amefoka zaidi ya miaka 20 akichonga vina vyake kwa uvumilivu wa seremala, na ukumbi bado humjalia. Msanii wa namna hiyo ana watu wake waliozoea kutoa fedha kwa ajili yake, si kwa ajili ya bia inayotangazwa nyuma ya jukwaa.

Kule Kanazi, yule kijana aliyesema wimbo si kahawa alinisomea mistari yake kutoka kwenye simu. Ilikuwa Kiswahili kilichochanganywa na Kihangaza, inamhusu baba aliyeuza kahawa ikiwa maua, na mtoto aliyekwenda kuibeba siku ya mavuno kama kibarua katika shamba lao wenyewe. Nilimwuliza kwa nini hajairekodi. Akasema wilayani kwao amewahi kupata mtu wa kumlipia studio, mfanyabiashara, ambaye aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, akausifu, kisha akamwomba abadilishe kitu kimoja tu: kazi ya yule mnunuzi. Mfanyabiashara huyo ananunua kahawa.