Gari Lililolala Usiliamshe

Desemba ikikaribia, watu wetu wa Minnesota na Toronto hukata tiketi za kwenda Dar na Mombasa mpaka Machi, na simu yangu haipumziki. Swali ni lilelile: "Fundi, nikimwachia shemeji funguo awe analiwasha gari dakika kumi kila Jumamosi, si inatosha?" Haitoshi. Tena ingekuwa haitoshi tu, ningenyamaza; lakini inaharibu. Swali hili nimelijibu kwenye simu, msikitini na harusini. Leo naliandika, mwakani nitamtumia kila mtu makala.

Tuanze na betri, maana ndiyo kila mmoja anayodai kuiokoa. Gari la kisasa, hata likizimwa, bado linakula umeme: alamu, saa, kompyuta, mtambo unaosubiri rimoti. Tuseme miliampea 50. Kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2; kwa wiki, zaidi ya 8. Ili alternata izirudishe kwa dakika kumi, itabidi isukume karibu ampea 50 mfululizo ndani ya betri iliyopoa hadi nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, na betri ya baridi haipokei chaji kwa kasi hiyo hata uibembeleze. Injini yenyewe inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, na shemeji, kwa kuwa anatetemeka, amewasha hita, taa na waya za kuyeyusha barafu ya kioo cha nyuma. Ni kukopa elfu nane na kulipa elfu mbili kila wiki; kufika Februari deni limeiva. Betri iliyojaa haigandi hata nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoisha inaganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, gamba linapasuka, na hapo hakuna chaja itakayoifufua.

Sasa injini. Petroli ikiungua inazaa maji: lita moja ya petroli, karibu lita moja ya maji. Safarini maji hayo hutoka kama mvuke usiuone. Injini isiyopata moto hubaki nayo: mengine yanatuama ndani ya ekzosi na kuipiga kutu, mengine yanapenya kando ya pistoni na kushukia kwenye oili. Isitoshe, injini ya baridi hujimiminia petroli kupita kawaida, na ile isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, kisha ikateremka kuizimua oili iliyo chini. Kuyatoa maji na petroli hiyo kunataka oili ipate moto kisawasawa, yaani gari litembee barabarani nusu saa au zaidi. Na mshale wa joto kwenye dashibodi usikudanganye. Huo unapima maji ya rejeta, si oili, na oili huchelewa kupata moto. Kwa hiyo shemeji wako mwaminifu, baada ya Jumamosi kumi na mbili, hajaitunza injini. Ameitilia maji mara kumi na mbili.

Najua imani hii ilikotoka. Dar, gari likikaa wiki mbili, mtu hulistati, akazunguka nalo mtaa, maisha yakaendelea. Joto la nyuzi 30 linasamehe mengi. Minnesota ya Januari haisamehe.

La tatu silifanyii mzaha. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na injini ya baridi huitoa kwa wingi zaidi kwa sababu katalaiza ya kusafisha moshi haijapata moto. Gereji nyingi za huku zimeungana na nyumba, na kufungua mlango mkubwa hakuizuii gesi kupenya hadi vyumbani. Halafu kuna wanaowasha kwa programu ya simu: mtu yuko Dar anakunywa dafu, gari linanguruma Toronto ndani ya gereji iliyofungwa, na ghorofa ya juu kuna watu wamelala. Programu hiyo ifute kabla hujapanda ndege.

Haya, kazi yenyewe, upesi. Osha gari, hasa chini ya bodi, chumvi ya barabarani itoke, kisha likauke. Badilisha oili na filta kabla ya kuliweka, si ukirudi. Oili iliyotumika ina asidi. Jaza tangi, tia dawa ya kuhifadhi petroli, endesha robo saa ili ifike kwenye nozeli. Pima kulanti: mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji huhimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri, aliyejaza maji matupu atakuta bloku imepasuka. Ongeza upepo, lakini usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Breki ya mkono usiivute, pedi hushikana na diski. Weka P na kabari kwenye magurudumu. Ziba ekzosi na mdomo wa kuingizia hewa kwa waya wa kusugulia sufuria, panya wasizalie humo, na funga karatasi kwenye usukani ya kukukumbusha kuutoa. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si nailoni. Bima ipunguze ukitaka, usiikatize: wezi na moto hawajali kwamba gari limelala.

Betri ina njia mbili. Gereji ikiwa na umeme, chomeka chaja ndogo inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, iache miezi yote. Bei yake haifiki ya betri mpya. Isipokuwa na umeme, ijaze chaji kwanza, ndipo uchomoe waya wa hasi, ukiwa na ufunguo wa chuma wa mlango na namba ya siri ya redio.

Kama una mtu mwenye leseni na bima, na barabara ni kavu, aliendeshe nusu saa kila baada ya wiki mbili. Hiyo nayo ni njia halali. Gari ama liendeshwe, ama lilale. Kuliwasha likiwa limesimama si kulitunza.