Sabuni haipimi damu



Habari ya leo inatupa haya kidogo, lakini haya ile ni yetu sisi makapita, si ya mwingine. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo kubwa akiwa na vipele. Alikuwa amekwenda kuchimba zahabu upande wa Salamabila, katika Kabambare, kusudi apate pesa ya masomo. Vipele vilikuwa kifuani na mgongoni, na tena ndani ya viganja vya mikono. Wenzake walikataa kulala karibu naye. Na sisi, badala ya kumuuliza vizuri, tulitoa mkeka wake tukauweka barazani, tukampa kipande cha sabuni. Tulimwambia: «Wewe uko mchafu. Oga, vitaisha.»

Alioga mara tatu kwa siku. Na kweli, kisha majuma machache vipele viliisha. Tulimrudisha ndani, tukadhani tumemponyesha. Kumbe hatukuponyesha kitu.

Jambo lilijulikana kwa njia nyingine. Mke wake, ambaye yuko na mimba, alikwenda kupimwa kwenye kituo cha afya sawa wanawake wote wenye mimba. Walimtoa damu, wakakuta kaswende. Mganga akamwambia: «Mama, kamwite baba ya mtoto.» Mwenzetu akaenda, naye akakutwa nayo. Alituambia hivi: «Kapita, ile kitu haikuniuma hata kidogo. Nilizani ni joto tu.» Ametupa ruhusa tuandike habari hii bila jina lake. Basi, tumeuliza waganga, tumesoma, na tunawaletea tuliyoyapata.

1. Vipele si vya namna moja

Upele wa kuwasha unaletwa na kadudu kadogo sana kanakochimba ndani ya ngozi. Unawasha zaidi usiku: katikati ya vidole, kwenye mikono, kiunoni, na kwenye sehemu za siri. Unapita kwa kulala pamoja na kugusana ngozi kwa ngozi. Ukimtibu mmoja na kuwaacha wenzake wa chumba, utarudi tu. Wote watibiwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Vile visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko kwa siku tatu au zaidi, kwani kale kadudu hakaishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu.

Choa kinafanya duara yenye ukingo. Kinapenda mahali penye jasho: katikati ya mapaja, makwapani, na katikati ya vidole vya miguu. Mtu asikipake yale mafuta ya kujichubua yanayouzwa sokoni. Mengine yako na dawa ya kutuliza ngozi: kuwasha kunapungua, na ugonjwa unazidi kutambaa chini yake.

Kaswende ina ujanja kupita yote. Kwanza inatoa kidonda kimoja kisichouma, mara nyingi kwenye uume, karibu majuma matatu kisha kulala na mtu mwenye ugonjwa. Kidonda kinapona chenyewe. Kisha majuma au miezi vinakuja vipele mwilini, ambavyo mara nyingi haviwashi, na mara nyingi vinafika katika viganja na nyayo. Navyo vinaisha vyenyewe. Hapo mtu anashukuru, lakini ugonjwa umejificha ndani. Kisha miaka unaweza kuharibu moyo, ubongo na macho. Na mimba ikiwa imeingiliwa, mtoto anaweza kufa tumboni au kuzaliwa mgonjwa. Ndiyo sababu tunasema: kipele kuisha si kupona.

Mpox, iliyoitwa zamani ndui ya nyani, inajulikana kwa mwanadamu tangu 1970, nayo ilionekana kwanza hapa kwetu Kongo, katika Ekwateri. Mwezi wa 9 wa 2023 namna mpya yake ilianza kuenea Kamituga, katika Kivu ya Kusini, mji wa machimbo ya zahabu. Huko ilipita sana kwa njia ya ngono, kati ya wachimbaji na wanawake wa mabaa. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ni hatari kwa dunia yote, na tangazo lile liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Lakini ugonjwa wenyewe haukuisha katika nchi yetu. Alama zake ni homa, tezi kuvimba, na malengelenge yenye kuuma, pengine kwenye sehemu za siri tu. Mtu akikuwa nayo, kumtenga ni sawa, mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itoke. Lakini kutenga si kutupa: anahitaji chakula, maji, na mganga.

Tena kuna virusi vya UKIMWI. Vinaweza kutoa vipele na homa katika majuma ya kwanza, kisha kunyamaza miaka mingi. Kijana mwenye kupata mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka upande mmoja wa mwili, asikawie kupimwa.

2. Kazi ya sabuni

Hatusemi sabuni ni bure. Kila mtu aoge kila siku, ajifute vizuri mpaka akauke, hasa katikati ya mapaja na vidole. Kila mtu akuwe na taulo yake, kaptula yake ya ndani, na wembe wake. Kuazimana vitu hivi ndani ya internati ni kuazimana magonjwa. Nguo za ndani zianikwe juani, si chini ya kitanda. Asiyetahiriwa asafishe chini ya govi kwa maji. Msijisugue kwa mchanga, wala kupaka Javel au maji ya betri. Ngozi iliyochubuka ni mlango wazi.

Lakini sabuni inafika kwenye ngozi tu. Mtu anaweza kunukia vizuri sana na kuwa na kaswende. Mwingine anaweza kuwa na vumbi la Nyangwe yote mwilini na damu yake ikawa safi. Kumtazama mtu si kumpima.

Wengine wanasema: «Siye tumetahiriwa, hatuna woga.» Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, Kisumu katika Kenya, na Rakai katika Uganda, ambayo matokeo yake yalitoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa karibu 60 kwa 100. Kupunguza si kufunga. Ile hatari iliyobaki inatosha kumwingia mtu.

3. Siku ya mwanaume iko wapi?

Jambo hili ndilo lililotugusa sana. Mwanamke mwenye mimba anapimwa. Mwanaume hana mimba, kwa hiyo hana siku ya kupimwa. Anasubiri mke wake apimwe kwa ajili ya wote wawili, kisha matokeo yakiwa mabaya anasema mke ndiye aliyeleta. Hiyo si haki.

Masomo yetu yanatufundisha kungoja ndoa, nasi hatutaki kubomoa fundisho lile. Lakini kati yetu kuna wenye wake, na kuna ambao hawakungoja. Kunyamaza hakuwafanyi kuwa wamengoja. Basi anayelala na wanawake ajiwekee siku yake. Apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye zaidi ya mpenzi mmoja apimwe kila miezi mitatu au sita. Na mwenye kidonda, usaha, kuchomwa wakati wa kukojoa, au vipele asivyovijua, aende sasa, asingoje mwaka uishe. Atumie kondomu, inazuia mengi, ingawa upele na mpox vinapita hata kwa ngozi isiyofunikwa.

Kupimwa kwenyewe ni tone la damu la kidole, kwa kaswende na kwa virusi vya UKIMWI. Kama uliingia hatarini juzi, kipimo cha leo kinaweza kudanganya. Rudi tena, mpaka miezi mitatu itimie. Hata katika Walawi 13 kuhani hakuhukumu kila ngozi kwa kutazama mara moja. Penye shaka alingoja siku saba, akatazama tena. Kisonono na magonjwa mengine ya mkojo hayaonekani katika kipimo kile cha kidole, kwa hiyo mweleze mganga dalili zote, bila kuficha.

Kaswende ya siku chache inatibiwa kwa penisilini ya kukaa, yuniti milioni 2 na nusu kasoro kidogo, ndiyo 2,400,000, sindano ya matakoni kwa siku moja. Iliyokawia inataka majuma matatu, sindano kila juma. Siku ya kwanza homa inaweza kupanda, msiogope. Mpenzi naye atibiwe, kama sivyo mtarudishiana. Na mtu aliyepona anaweza kuipata upya. Chunga karatasi yako ya matibabu, juu ya kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha alama miaka mingi hata kisha kupona. Msinunue vidonge vya kuokota sokoni, viwili vya rangi nyekundu na kimoja cha manjano. Vile vinanyamazisha dalili, havimalizi ugonjwa.

Virusi vya UKIMWI havina dawa ya kuvimaliza, lakini mwenye kumeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Na sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kumbagua mtu juu ya ugonjwa huu, hata masomoni.

4. Mwisho

Mwenzetu na mke wake wamechomwa sindano zao, na mtoto angali tumboni. Mganga alisema mama alifika mapema, kuna tumaini kubwa. Sisi tulikwenda kumwomba msamaha juu ya ule mkeka wa barazani. Alicheka, akajibu: «Yamepita, kapita. Lakini na ninyi je, mmekwisha kupimwa?»

Hatukuwa na jibu. Siku ya Jumamosi iliyofuata tulikwenda, makapita watatu, kwa miguu. Mwenye kutaka kwenda Jumamosi ijayo atukute mlangoni saa moja asubuhi. Hatutaandika jina la mtu.

Ni sisi, makapita wa wavulana, darasa la mwisho, Nyangwe.