Magugu Uani: Tutibu Udongo au Tupige Dawa?

Mvua ya masika inapoanza mwezi Machi, na tena vuli inapofika Oktoba, nyua za Riruta Satellite hubadilika katika wiki chache tu. Nyasi huchipua, lakini huchipua pamoja na kishona nguo, ndago na ule mmea wa majani matatu yenye umbo la moyo unaoitwa oksalisi. Hapo mwenye ploti, keateka au kamati ya mtaa hujiuliza: tumwite mtu aje na pampu ya mgongoni apulizie dawa, ama kuna njia nyingine?

Makala haya yanalinganisha njia hizo mbili: kuua magugu kwa kemikali, na kuutibu udongo ili nyasi yenyewe iyazidi nguvu. Kila moja ina faida na mipaka yake. Mkazi anayezielewa zote mbili ataokoa pesa, na atawalinda watoto na mifugo wanaotumia uwanja huo huo.

Kwa nini magugu hupenda nyua zetu

Upande huu wa magharibi mwa Nairobi una udongo mwekundu wenye kina, tofauti na ule mweusi wa mfinyanzi ulioko Embakasi. Nyasi ya kikuyu, ambayo jina lake linatokana na nyanda hizi hizi, huota hapa bila kubembelezwa. Hutambaa haraka kiasi kwamba ilipopelekwa nchi za nje kama malisho na nyasi za viwanja, Marekani iliishia kuiorodhesha miongoni mwa magugu hatari. Kwa hiyo gugu ni mmea wowote uliojiotea mahali usipotakiwa.

Kama nyasi hii ina nguvu hivyo, mbona inashindwa uani? Sababu kubwa ni ujenzi. Msingi wa nyumba unapochimbwa, udongo wa juu wenye rutuba hufukiwa, na udongo wa chini pamoja na kifusi na maramu ndio hutandazwa juu. Baadaye magari huegeshwa hapo, watoto hucheza mpira hapo, na wapangaji hupita njia moja kila siku. Udongo hushikana mpaka hewa na maji haviingii, na mizizi ya nyasi hukosa pa kupenya. Nyasi ikififia, ardhi hubaki wazi. Gugu linangojea nafasi hiyo tu.

Unaweza kupima mwenyewe. Siku moja baada ya mvua, chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini kwa mkono. Ikiingia sentimita 10 bila shida, udongo wako unapumua. Ikigoma baada ya sentimita 3 au 4, umeshikana, na hakuna dawa ya magugu itakayoulegeza.

Dawa inafanya nini, na haifanyi nini

Dawa zinazotumika sana uani ni za aina mbili. Ya kwanza ni yenye glaifoseti. Hii hupita kwenye majani hadi mizizini na huua karibu kila mmea wa kijani, pamoja na nyasi yako. Inafaa kwenye vijia na kando ya ukuta, lakini ukiipulizia katikati ya uwanja utabaki na mabaka makavu. Ya pili ni ya kuchagua, mfano ile yenye kiambato cha 2,4-D. Hii huua mimea ya majani mapana, kama kishona nguo, na kuiacha nyasi.

Faida yake ni wepesi. Mtu mmoja anaweza kumaliza uwanja mkubwa kwa asubuhi moja, na baada ya siku kadhaa magugu hunyauka. Lakini kuna mambo matatu ambayo mwenye pampu huenda asikuambie.

Kwanza, dawa hizi haziui mbegu zilizolala ardhini. Kishona nguo kimoja hutoa maelfu ya mbegu. Magugu yakifa na ardhi ikabaki wazi, mvua inayofuata huotesha kizazi kipya.

Pili, si kila gugu hushindwa. Ndago ina majani membamba, hivyo dawa ya majani mapana haiidhibiti, na vinundu vyake vya chini huchipua tena. Oksalisi nayo huficha vitunguu vidogo vidogo ambavyo mara nyingi hurudi baada ya majani kukauka.

Tatu, dawa haigusi chanzo. Udongo ulioshikana jana utakuwa umeshikana kesho.

Kwa nini hapa kwetu tahadhari iwe kubwa zaidi

Riruta Satellite si mtaa wa nyasi za kutazamwa tu. Uwanja mmoja huwa na watoto wanaotambaa, kuku wanaodonoa, kamba za nguo, na pembeni mistari ya sukuma wiki. Sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini, ya mwaka 2015, inatambua kilimo cha aina hii. Kwa hiyo mboga na mbuzi wa jirani yako si mambo ya kupuuzwa unapoamua kupuliza.

Zaidi ya hapo, mimea ambayo mmoja anaiita gugu, mwingine anaiita chakula. Managu na terere hujiotea kando ya nyasi na barabara, na watu huzichuma na kuzipika jioni hiyo hiyo. Wafugaji nao hukata nyasi za kando ya barabara kuwalisha ng'ombe na mbuzi wa zizini. Mmea uliopulizwa leo asubuhi hauonyeshi dalili yoyote mchana. Anayeuchuma hana namna ya kujua.

Upepo pia hubeba matone ya dawa. Nyanya na maharagwe huumizwa na 2,4-D hata kwa kiasi kidogo: majani hujikunja na mmea hudumaa. Mvua ikinyesha mapema, dawa na udongo uliobeba dawa husombwa hadi mitaroni, na mitaro ya upande huu huishia kwenye mto Nairobi na mto Motoine, ule unaopita kuelekea Kibera na bwawa la Nairobi.

Kuhusu afya, wataalamu hawajakubaliana kwa kila jambo. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, na 2,4-D katika kundi la chini yake, lenye ushahidi hafifu zaidi. Wadhibiti wa Marekani na wa Umoja wa Ulaya walifikia uamuzi tofauti kuhusu glaifoseti ikitumiwa jinsi lebo inavyoagiza, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake kwa miaka 10. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba anayechanganya na kupuliza bila glavu, buti na kinga ya macho ndiye anayepata kiasi kikubwa zaidi.

Njia ya kutibu udongo

Lengo hapa ni kuifanya nyasi iwe nene kiasi kwamba mbegu ya gugu haioni jua. Fuata hatua hizi mwanzoni mwa mvua.

1. Legeza udongo. Choma ardhi kwa jembe la meno hadi sentimita 10, ulitikise kidogo kisha ulitoe. Usipindue udongo. Rudia kila baada ya hatua moja, hasa palipokanyagwa.

2. Tandaza mboji. Tumia mboji iliyoiva au samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita. Debe moja la lita 20 hutosha mita 4 za mraba. Uwanja wa mita 5 kwa 10 utahitaji madebe 12 au 13, yaani toroli nne hivi. Samadi mbichi ina mbegu za magugu, na ile ya kuku huunguza nyasi. Rundo la mboji likipata joto la kutosha, zaidi ya nyuzi 55, mbegu nyingi hufa. Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo: kikitoka cha moto kiasi cha kukuchoma kiganja, kazi inaendelea.

3. Ziba mapengo. Pandikiza vipande vya nyasi yenye mizizi kila palipo wazi, kiganja kimoja kati ya kipande na kipande.

4. Kata juu, usikate chini. Nyasi ya kikuyu iachwe na urefu wa vidole vitatu vilivyolala, na kila ukataji usizidi theluthi moja ya urefu wake. Kunyoa mpaka ardhi ionekane ni kuyaalika magugu. Mabaki mafupi yaache pale pale, kwani huoza na kurudisha rutuba.

5. Ng'oa kwa wakati. Kishona nguo king'olewe kabla ya kutoa mbegu, udongo ukiwa na unyevu. Ndago na oksalisi zichimbwe pamoja na vinundu na vitunguu vyake, na hivyo visitupwe kwenye mboji.

Njia hii nayo ina mipaka. Ni ya polepole: hesabu misimu miwili ya mvua kabla ya kuona uwanja umejaa. Inataka mikono, na ndago iliyozoea mahali itahitaji kung'olewa tena na tena. Chini ya mti wenye kivuli kizito nyasi haitanenepa hata ukimwaga mboji. Hapo ni afadhali mawe, au mimea inayopenda kivuli.

Tukizilinganisha

Kwa kasi, dawa inashinda. Kwa kudumu, udongo unashinda, kwa kuwa kila msimu kazi hupungua, ilhali mwenye kutegemea dawa peke yake hununua upya kila mvua. Kwa gharama, mboji inaweza kutengenezwa kwa maganda ya jikoni, mabaki ya soko la Kawangware na samadi ya jirani, ingawa jasho ni lako. Kwa usalama wa uwanja unaotumiwa na watu wengi, kuanza na udongo ndiyo busara, na dawa ibaki ya mwisho, kwa sehemu ndogo iliyoshindikana.

Ukiamua kupuliza

• Nunua kwa agroveti yenye leseni, chupa ikiwa imefungwa na ina lebo yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya taifa inayodhibiti bidhaa hizi. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda.
• Soma kipimo, na muda wa kukaa nje ya eneo. Kuzidisha dawa hakuongezi nguvu.
• Waarifu wapangaji na majirani siku moja kabla. Weka kamba na kibao, fungia kuku, anua nguo.
• Pulizia asubuhi isiyo na upepo wala dalili ya mvua, na ulenge gugu lenyewe.
• Nyasi iliyopulizwa isilishwe mifugo wala kutandazwa kwenye mboga.
• Suuza chombo kitupu mara tatu, maji hayo uyarudishe kwenye pampu, kisha ukitoboe. Kisitumike kwa maziwa wala mafuta ya taa.
• Mtu akimeza dawa, usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja pamoja na chupa yenye lebo.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, inafaa kujua hali ya udongo wako. Maabara ya KALRO iliyoko Kabete, safari fupi kutoka Satellite, hupima sampuli za udongo. Afisa wa kilimo wa wadi naye anaweza kukuonyesha jinsi ya kuchukua sampuli na kutambua gugu ulilo nalo. Mwone kabla ya mvua, kwani gugu likishatoa mbegu, umejiwekea kazi ya msimu ujao.