Ngazi ya Mjiolojia Serikalini: Nani Abaki Uwandani?

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hanang ni mlima wa volkano, kwa hiyo swali la kwanza midomoni mwa watu lilikuwa kama mlima umeamka. Jibu likatoka serikalini: hapakuwa na mlipuko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikaelemewa, ikameguka na kushuka kama tope.

Jibu la namna hiyo halipatikani kwa kukodi mtaalamu asubuhi ya maafa. Linahitaji mtu aliye tayari kwenye ajira, anayezijua aina za miamba ya nchi na amewahi kupanda milima ya namna ile. Ndiyo maana muundo wa utumishi wa wajiolojia, jambo linaloonekana kama la makarani wa masijala, unawahusu hata wasiowahi kushika nyundo ya mawe.

Kwa Tanzania, nyumba kuu ya wataalamu hawa ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) iliyoko Dodoma. Chimbuko lake ni idara ya jiolojia iliyoanzishwa mwaka 1925 enzi za Tanganyika. Ikawa wakala mwaka 2005, kisha ikapewa sura ya taasisi kwa marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017. Marekebisho hayo hayo yalizaa Tume ya Madini, ambako mjiolojia hukutana zaidi na leseni, wachimbaji wadogo na ukaguzi kuliko ramani. Wengine wako kwenye shirika la madini la taifa (STAMICO), shirika la petroli (TPDC) na kampuni ya umma ya jotoardhi. Tusiwasahau wa maji: bodi za mabonde tisa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, huwategemea wataalamu wa maji ya ardhini kuonyesha kisima kichimbwe wapi, na kwa familia nyingi za vijijini huyo ndiye mjiolojia pekee watakayemwona maishani.

Mlango wa kuingilia ni Sekretarieti ya Ajira. Tangazo hutoka, mwombaji hujaza maombi mtandaoni, huitwa kwenye mchujo wa kuandika, na akivuka huenda kwenye usaili wa ana kwa ana. Anayefaulu akakosa nafasi jina lake huhifadhiwa kwenye kanzidata. Anayepata huanza akiwa Mjiolojia Daraja la II, akiwa na shahada ya kwanza, na hukaa kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Kutoka hapo ngazi zinafuatana: Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu Daraja la II, Mkuu Daraja la I. Mwenye stashahada hupanda ngazi nyingine, ya fundi sanifu. Fundi sanifu akirudi shule na kupata shahada anaweza kubadilishiwa kada, lakini kwa kawaida ataanzia chini kabisa kwenye kada mpya, huku akiachiwa mshahara wake wa zamani kama mshahara binafsi ili asishuke kipato.

Tofauti kati ya madaraja haya ni nini hasa? Kwenye karatasi, ni ya mshahara. Katika TGS, ngazi za mishahara ya serikali, herufi hupanda mtu anapopandishwa cheo, na tarakimu inayofuata herufi husogea kwa nyongeza ya mwaka. Kazini, tofauti ni ya nani anaaminiwa na nini. Wa Daraja la II hutumwa kukusanya: anavunja jiwe, anapima mwelekeo na mwinamo wa tabaka kwa dira, anaweka namba kwenye sampuli, anaandika daftari. Wa Daraja la I anaachiwa eneo lake mwenyewe na ripoti yake mwenyewe. Mwandamizi huongoza kambi, na ndiye anayeamua mpaka wa mwamba mmoja na mwingine upite wapi kwenye ramani pale ambapo udongo umefunika kila kitu. Huo uamuzi wa mwisho ndio kiini cha taaluma yote. Hakuna kitabu kinachoufundisha kikamilifu, kwa sababu unatokana na kuwa umeona mawe mengi ya aina ileile katika hali tofauti. Aliyezoea miamba mikongwe yenye dhahabu ya Geita ana mengi ya kujifunza upya akipelekwa kwenye matabaka ya makaa ya mawe ya Ngaka.

Miundo mingi ya utumishi hutaka uzoefu wa angalau miaka mitatu pamoja na utendaji mzuri kabla ya kupanda daraja moja. Kutoka Daraja la II hadi Mkuu Daraja la I kuna hatua nne, yaani si chini ya miaka 12 hata kama hakuna kilichokwama. Na hukwama. Kupanda hakutegemei sifa za mtumishi peke yake. Kunategemea ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, bajeti ya mishahara na nafasi ya mtu kwenye tange, orodha ya watumishi kwa ukuu kazini. Mwaka 2016 upandishaji vyeo ulisimamishwa nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi, na waliokuwa wamefikia zamu wakabaki palepale. Serikali ilikuja kulisahihisha jambo hilo baadaye kwa utaratibu uliopewa jina la mserereko, na ilifanya vyema.

Hata hivyo, kuchelewa siyo tatizo kubwa kuliko yote ninaloliona. Kubwa zaidi ni kwamba juu ya ngazi hii kuna ngazi ya pili. Utumishi wa umma unatenganisha cheo cha muundo, ambacho mtu hukipanda, na cheo cha madaraka, ambacho huteuliwa: meneja, mkurugenzi, kamishna, mtendaji mkuu. Marupurupu yenye uzito yako upande wa madaraka. Mjiolojia Mkuu aliyekaa miaka 20 akisoma miamba atapata kipato kidogo kuliko mdogo wake aliyeteuliwa kusimamia kurugenzi. Simlaumu anayekubali uteuzi. Ana watoto wa kusomesha. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu anapokomaa katika kuamua mpaka wa mwamba, ndipo anapokabidhiwa mpango wa manunuzi, vikao vya menejimenti na majibu ya hoja za mkaguzi.

Gharama yake inaonekana kwenye ramani. Tanzania imegawanywa katika vipande 322 vya ramani za jiolojia, kila kimoja kikiwa na upana wa takribani kilomita 55 kwa 55. Kipande kimoja ni kama kilomita za mraba 3,000 za kutembea kwa miguu, korongo kwa korongo, hasa wakati wa kiangazi majani yakiwa yamekauka, na mkubwa akiitwa ofisini, mipaka ya miamba huachiwa asiye na uzoefu wake.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Katika idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, mwanasayansi mtafiti hutathminiwa na jopo la wanasayansi wenzake kwa kazi aliyoifanya na athari zake. Anaweza kupanda mpaka GS-15, daraja la juu la mfumo wa kawaida wa mishahara ya serikali ya shirikisho, bila kuwa bosi wa mtu yeyote. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 1993, iliweka usajili wa wajiolojia, ukawa kipimo cha ubingwa kisichotegemea cheo cha mwajiri.

Kwetu marekebisho yanayofaa si ya kutisha. Cheo cha Mjiolojia Mkuu kifungwe na majukumu ya uwandani yanayopimika: vipande vya ramani alivyovisimamia, vijana aliowafundisha kambini, tafsiri zake zilizothibitika baada ya kuchoronga. Mshahara wake ukaribiane na wa meneja. Tathmini ya utendaji ifanywe na anayejua kusoma ramani hiyo.

Muda wenyewe umebana. Dira ya 2030 ya Wizara ya Madini inalenga utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege ufike asilimia 50 ya nchi, kutoka asilimia 16. Ndege itatoa takwimu. Bado lazima mtu ashuke ardhini kuhakiki kila alama iliyoonekana. Kijana aliyeajiriwa Daraja la II mwaka 2024, hata akipanda bila kucheleweshwa, hawezi kuwa Mwandamizi kabla ya 2030. Kwa miaka yote ya kazi hiyo atahitaji mkubwa wake awe naye kambini.